Msilifunge la Nje

6 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Salamu za wifi yako kaniambia niziweke hapa juu kabisa, maana mwaka jana niliziweka mwishoni ukasema hukuziona. Anakuuliza goti linasemaje. Yeye presha yake inapanda na kushuka kama mtu asiye na kazi, lakini bado analalamikia bei ya kiberiti, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Huku geti linaendelea kutuletea wageni. Juzi waliingia mbuzi wakala maua yote ya Mama, wakabakisha miiba. Jana akaingia mzee mmoja, akaketi kwenye benchi uani, akatoa cheti chake akawa anasubiri. Alidhani ni zahanati. Nikamwambia Mama, kwa mara nyingine, tununue kufuli kama watu wengine. Akanijibu kama kawaida, kwamba neno la mwisho la Baba ni neno la mwisho: "Msilifunge la nje." Mama ndiye aliyekuwa peke yake kando ya kitanda cha Baba pale, akatoka akatuambia geti lisifungwe, na tangu siku hiyo halijafungwa. Nampenda Baba, lakini marehemu hakufikiria mbuzi.

Sasa lililonifanya niandike. Sakafu ya chumba changu cha kushonea imeanza kutoa jasho. Mwanzo nilidhani ni maji ya pasi nimeyamwaga mwenyewe. Kisha saruji ikavimba, na asubuhi moja nikakuta jora la satini nyeupe la bibi harusi limekunywa maji ya kutu. Mwenye harusi alipoona alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti.

Nimemleta fundi bomba. Mtaa mzima unamwita Kimya, kwa sababu hanyamazi. Alilala sakafuni, akaweka sikio ili asikie maji yanavujia wapi, na muda wote huo anaongea, sijui alisikia nini. Hata hivyo kasema bomba la chuma alilolaza Baba chini ya nyumba limeoza lote, ukiziba hapa litatoboka pale. Hilo nilimwelewa, maana nguo iliyochakaa nayo haipokei kiraka. Anashauri lile la zamani tuliache life huko huko chini, tupitishe jipya la plastiki nje, kutoka kwenye mita, pembeni mwa ukuta, mpaka jikoni. Ila lazima kwanza ajue la zamani linapita wapi na limeunganishwa na nini.

Nimemuuliza Mama. Kasema yeye na mabomba wapi na wapi. Wewe ulikaa hapa mwaka ule nilipozaliwa, na Baba alikuwa hachimbi hata shimo la mche bila kukuita utazame. Unakumbuka chochote? Ningepiga simu, lakini wewe na simu hamwivi chungu kimoja.

Mwanao,
Sindano

*

2 Aprili

Marahaba, Sindano.

Barua yako ilifika salama. Imechelewa kujibiwa kwa sababu ya goti, na kwa sababu ya mvua, na kwa sababu mpangaji wangu anajifunza tarumbeta. Anajua wimbo mmoja, na huo wenyewe hajawahi kufika mwisho wake. Kila nikishika kalamu ananiacha njiani naye.

Kuhusu satini. Usiitie sabuni! Kutu na sabuni vikikutana huoana kabisa. Chukua ndimu, kamulia, nyunyiza chumvi, anika juani, kisha suuza kwa maji baridi. Likibaki doa, rudia. Nimesimamia dobi la hospitali mpaka nikastaafu, nimetoa madoa ambayo wewe huwezi hata kuyaota. Na huyo bibi harusi mwambie ndoa haiharibiki kwa doa, huharibiwa na mengine.

Mwambie wifi yangu apunguze chumvi.

Kuhusu bomba, sikumbuki. Nani anakumbuka mabomba? Huyo Kimya wenu azibe hapo panapovuja, basi. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakusema mtu abomoe nyumba kutafuta ufa. Na huko nyuma jikoni, pale kwenye ukuta wa uani, msiguse kabisa. Saruji ya pale aliipiga kaka yangu kwa mkono wake na iko imara.

Shangazi yako

*

11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Ndimu imefanya kazi, satini imerudi nyeupe, na bibi harusi kanikumbatia mpaka sindano za kifuani zikamchoma. Asante. Mama anasema salamu zako za chumvi kazipata na hazitaki.

Lakini Shangazi, nani kakuambia habari za nyuma? Mimi nilikuandikia sakafu ya chumba cha kushonea, mbele, upande wa barabara. Ukuta wa uani sikuutaja. Nimeisoma barua yako mara nyingi na kila nikifika hapo nasimama.

Tena kuna jambo jingine, na hili limenitoa jasho. Kimya alifunga mabomba yote ya nyumba: jikoni, bafuni, tangini, na akakata lile linalovuja chini ya chumba changu cha kushonea, akaliruka kwa mpira ili maji yaende moja kwa moja nyuma. Nyumba nzima hakuna tone linalotoka. Kisha akaniita kwenye mita. Shangazi, mita ilikuwa inazunguka! Tumesimama tunaitazama, yenyewe inazunguka tu. Hata Kimya alinyamaza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Aliporudiwa na sauti akasema, "Dada, nyinyi mnaibiwa maji. Kuna mtu amejichomeka." Anasema hakuna njia nyingine ila kuchimba nyuma aone.

Usiku wa kuamkia leo nilimwambia Mama mezani kwamba tunaibiwa maji. Unamjua Mama. Kiberiti kikipanda anakusimulia wiki nzima. Nilidhani atasimama. Akasema tu, "Maji hayaibiwi, maji hupita," akaendelea kula. Halafu nikakumbuka kwamba bili ya maji huwa anaipeleka kulipa mwenyewe, na sijawahi kumsikia akiilalamikia hata mara moja.

Niambie unachojua. Kimya anakuja wiki ijayo na jembe.

Sindano

*

16 Aprili

Sindano,

Barua imefika asubuhi na najibu asubuhi hii hii, na mtu wa basi ananisubiri mlangoni.

Msichimbe. Mwambie fundi unaumwa, mwambie umebadili mawazo, mwambie lolote. Mita ikizunguka iacheni izunguke.

Mama yako yuko karibu unaposoma hii? Kama yuko karibu, ikunje.

Shangazi

*

18 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani hatujambo kwa maana ya afya tu.

Barua yako ilifika mchana, jembe lilikuwa limeshaingia asubuhi. Mama alikuwa kliniki ya presha. Nimekaa hapa kwenye ndoo niliyoipindua, mikono ina tope, na nakuandikia kwa sababu nikiinuka sijui niende chumba gani.

Saruji ya Baba ilikuwa imara kweli, ilimtoa Kimya jasho. Chini yake tukalikuta bomba linaloingia jikoni, na juu ya bomba hilo pana tii, kile kiungo cha njia tatu. Kimya akaanza utani wake: "Dada, kwenye ndoa kuna kutii, kwenye bomba kuna tii." Njia mbili ni za kwetu. Ya tatu inakwenda chini ya ukuta wa uani, inatoka upande wa pili. Hapo kwenye njia ya tatu pana koki ndogo, na hiyo koki imevingirishwa ngozi laini, ile ngozi ya Baba ya kufutia vioo vya saa alizokuwa akitengeneza. Imefungwa kwa uzi, imepakwa mafuta, mafundo yote yamelala upande mmoja. Kimya akasema mwizi gani huyu mwenye adabu hivi. Mimi nilishamjua. Mafundo yale ndiyo yaliyofunga mkanda wa saa yangu ya kwanza.

Kimya akaifunga koki. Mita ikasimama. Kisha nyuma ya ukuta tukasikia sauti ya mwanamke: "Jamani, maji!"

Haukupita muda, akaingia getini kwetu na ndoo. Ni Mwalimu, yule anayefundisha watoto wadogo, anayekaa nyumba ya nyuma na mama yake. Mama yake watoto wa mtaa humwita Bibi Ufagio kwa sababu alikuwa anafagia mpaka barabarani. Siku hizi hafagii, yuko kitandani, na Mwalimu alikuwa anamwosha maji yalipokatika. Sabuni bado ilikuwa kwenye mikono yake. Tumesalimiana juu ya ukuta ule maisha yangu yote, habari za asubuhi, habari za kazi, basi.

Akaja mpaka kwenye shimo, akainama. Shangazi, alifumba jicho moja na kubenua mdomo wa chini. Vile vile! Kama Baba alipokuwa akichungulia tumbo la saa. Hakuna mtu duniani anayefumba jicho hivyo kwa bahati. Nilishika ukuta.

Akasema, "Kumbe ni kweli. Mama alikuwa ananiambia maji yetu yanatoka kwa fundi saa. Nikajua ni maneno ya ugonjwa." Akanitazama. Sidhani kama anajua zaidi ya hapo. Au anajua, na yeye pia alishika ukuta kwa ndani.

Nikamwambia Kimya afungue koki. Nikamwambia Mwalimu arudi kwa mgonjwa, maji yapo. Na alipokuwa anatoka getini, geti lile lile lisilofungwa, ndipo lilipoanguka kichwani mwangu. "Msilifunge la nje." Lipi la nje? Lugha yetu hii, neno moja linavaliwa na vitu chungu nzima. Geti la nje. Bomba la nje. Miaka yote hii tumewafungulia mbuzi na wagonjwa wa zahanati, na Baba alikuwa anasema habari za maji.

Nimefunika shimo kwa ubao na vyungu vya maua. Mama karudi, kautazama ubao, akapita. Aliingia jikoni akafungua bomba, akaweka kidole chini ya maji kwa muda, akafunga.

Jibu swali moja tu, ndiyo au siyo. Hata kwenye kadi. Yule ni ndugu yangu?

Sindano

*

23 Mei

Sindano mwanangu,

Ndiyo.

Nimeandika barua tatu kabla ya hii na zote nimewashia jiko. Mpangaji aliniuliza mbona napika sana na chakula hakionekani. Ungeweza kunitafuta kwenye simu yake, najua, na nashukuru hukufanya hivyo. Kwenye simu mimi husikia kelele tu, na habari hii haisemwi kwa kelele.

Mama yako alikuwa amekwenda kwao kujifungua, yaani kukuzaa wewe. Mimi nilikuja kumpikia kaka yangu. Nikamkuta uani anachimba, mtu wa saa, vidole vya kushika vyuma vyembamba kama nywele, kashika jembe! Nikamuuliza anachimba nini. Akasema mtaro wa maji machafu. Nikamwambia maji machafu hayaendi kwa jirani. Ndipo akakaa juu ya udongo akalia. Mwanamke wa nyuma alikuwa amejifungua miezi michache kabla, na bomba la mtaa lilikuwa halifiki kule kwao, mpaka leo nasikia halifiki. Alikuwa anakwenda kisimani na mtoto mgongoni. Kaka yangu akaona hawezi kumwoa, hawezi kumtaja, lakini hawezi kumwacha abebe maji. Alikuwa mtu mzuri aliyefanya jambo baya, kisha akalipitishia bomba. Nilikasirika nikamwita majina ambayo siandiki hapa. Halafu nikamchanganyia saruji.

Mama yako aliporudi na wewe mikononi, mimi ndiye niliyempokea. Alikuwa anacheka. Akasema, wifi, umemlisha vizuri, kanenepa. Sikuweza kumtazama. Tulikuwa marafiki, Sindano, si mawifi wa kununiana. Tulivaa khanga doti moja, kila mmoja kipande chake. Kila tukikaa kuchambua mchele nilikuwa nasikia neno linanipanda kooni. Ndiyo maana niliomba uhamisho, nikaja huku mbali, na ndiyo maana nyinyi mnaniona msibani tu. Watu walisema nimepata cheo nikajiona. Sikuwa na cheo chochote.

Usimwite yule mtoto wa nje, hata moyoni. Ukuta si kosa lake.

Lakini mama yako asijue. Ana presha, atakufa kwa hilo. Fanya hivi: fundi apitishe bomba jipya kama mlivyopanga, na pale nyuma aweke tii kimya kimya, maji yaendelee kwenda, aufukie mtaro, basi. Kama anaweza kufanya lolote kimya kimya mwenye jina hilo.

Linda mama yako. Mimi nimemlinda kwa kukaa mbali naye, sina njia nyingine niliyoijua.

Shangazi yako

*

8 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Kama tarumbeta inapigwa, mwambie asimame.

Nilifanya ulivyosema. Nilimwapisha Kimya. Akaapa kwa mama yake na kwa funguo zake zote. Alikuja na mabomba ya plastiki, akachimba mtaro kutoka kwenye mita, akapita pembeni mwa ukuta, akakwepa mzizi wa mti, akakunja kona ya bafuni, na muda wote huo hakusema kitu. Alivimba mashavu. Mama alimletea chai, akamuuliza kama anaumwa jino.

Mchana akafika nyuma. Mimi nilikuwa nashika bomba upande mmoja, yeye anapima upande wa pili. Mama yuko jikoni, mlango wazi. Na Kimya, baada ya kujizuia siku nzima, akainua kichwa akauliza kwa sauti ya mnadani: "Dada Sindano, hili la nje nalifunga au naliacha?"

Nikasema haraka, "Hakuna la nje! La nje lipi?"

Mama akatoka na sufuria mkononi. Akaiweka chini taratibu, akajifuta mikono kwenye khanga. Akasema, "Msilifunge la nje."

Shangazi, sikusikia tena kitu kingine. Maneno ni yale yale. Kimya aliachia bomba likaangukia mguu wake na hakupiga kelele. Nilidhani nitazimia mimi, niliyekuwa nalinda mtu asizimie.

Nikamuuliza, "Mama, unajua?"

Akasema, "Nijue nini? Kwamba nina mwenzangu kwenye bomba? Akifungua yeye, langu linapungua. Nikifungua mimi, lake linapungua. Nimejua anaamka saa ngapi, anafua siku gani. Mtoto wake alipougua surua nilijua, maana maji yalikuwa yanapungua mpaka alfajiri. Sasa tangu mvua zianze halipungui asubuhi. Nikajua haamki tena kufagia."

Nikamwuliza mbona alituambia geti. Nilikuwa nimekasirika, sikufichi, nilipiga kelele. Nilisema, "Mama, miaka yote hii mbuzi wanakula maua yako!"

Akasema, "Baba yako alisema maneno hayo tu, pumzi ikaisha. Nikatoka nikayasema, nyinyi mnalia, mnaniuliza, la nje lipi, Mama? Nitazame wapi? Geti lilikuwa mbele ya macho yangu. Nikasema geti." Kisha akaanza kucheka, na mimi sikutaka kucheka, na nikacheka. Kimya alicheka kuliko sisi sote, kisha akakumbuka mguu wake.

Tulipotulia nikamwambia ukweli, kwamba wewe umeniandikia. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Haukubadilika kwa Baba wala kwa bomba, ulibadilika kwa jina lako. Namnukuu, kwa sababu nimeapa sitapunguza neno:

"Wifi yangu alidhani nitakosa kuona? Nilirudi na mtoto nikakuta saruji mbichi imenyooka mpaka ukutani, mume wangu ana malengelenge mikononi, na wifi yangu hanitazami usoni. Nilijua kabla sijavua viatu. Wa kumkasirikia nilimkasirikia, nikamaliza. Yeye nilikuwa namsubiri aseme, tulie wote wawili, yaishe. Kila siku tukichambua mchele nasema moyoni, leo atasema. Siku moja akaja kuniaga. Mume nilimgawana nikamudu. Wifi sikumgawana na mtu, na ndiye aliyeondoka."

Nimeandika alivyosema. Mkono unaniuma.

Jioni alimimina uji kwenye chupa ya chai, akajifunga khanga, akatoka getini akazunguka kwenda nyuma. Mwalimu alipofungua mlango akasema shikamoo mama, na Mama akasema marahaba mwanangu, hivyo hivyo, bila kujikwaa. Mimi nilibaki mlangoni na Mwalimu, tumeshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara. Ndani tulisikia mgonjwa anauliza, "Asubuhi, mimi nikijaza ndoo, ni wewe uliyekuwa unafunga lako nimalize?" Mama akasema, "Ulikuwa na mtoto mchanga." Mgonjwa akasema, "Na wewe pia." Baada ya hapo walinong'ona.

Bomba jipya limekwisha. Kimya kaweka tii, koki nimeivingirisha mwenyewe kwa ngozi ile ile ya Baba, imekaa kama nguo iliyopimwa. Mtaro umefukiwa. Sakafu yangu imekauka.

Na geti, Mama kasema lifungwe. "Hilo halikuusiwa," kasema. Kimya alileta kufuli kubwa la kutisha watu. Ufunguo mmoja ninao mimi, mwingine Mama, mwingine nimempa Mwalimu. Jana mbuzi walikuja wakasimama nje wanatushangaa.

Sindano

*

13 Juni

Sindano,

Nimeisoma nimesimama, kwa sababu sikukutii. Kisha nikakaa sakafuni.

Alijua! Alijua kabla hajavua viatu! Mimi nimehama, nimezeeka kwenye mji wa watu, nimekula sikukuu na wapangaji, namlinda mtu aliyekuwa ananisubiri pale pale kwenye sinia la mchele. Nililia kwa sauti mpaka tarumbeta ikanyamaza, kijana akaja mbio kuuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni wifi yangu alikuwa anajua. Hakuelewa, akanipikia chai. Ina sukari nyingi vibaya, nimeinywa.

Kipande changu cha khanga bado ninacho. Kimefifia lakini doa hakina.

Mwambie nakuja. Goti litakuja nalo, halina hiari. Basi linaingia jioni ya Jumamosi, na najua barua hii itanitangulia kidogo tu. Asipike sana. Aweke mchele kwenye sinia, anisubiri tuuchambue.

Na lile geti, Sindano, Jumamosi hii tu, msilifunge.

Shangazi yako